Mtoto Asiyejibu: Sarufi ya Matumaini ya Mzazi katika Tungo za Wosia za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna matumaini na matarajio ya mzazi kwa mtoto yanavyojengwa kisarufi katika Utendi wa Mwana Kupona (1858) na katika tenzi mbili za Shaaban Robert, Hati na Adili, kisha yanazilinganisha tungo hizo na riwaya ya Rosa Mistika (Kezilahabi, 1971). Inadaiwa kwamba mzazi wa tungo hizi anazungumza kwa sauti mbili, moja ya kumwagiza mtoto na nyingine ya kumwomba Mungu, na kwamba ufundishaji wa fasihi katika nchi jirani umeishika ya kwanza na kuiacha ya pili. Makala pia yanahoji sababu ya mtoto kunyamaza katika fasihi ambayo majibizano ni moja ya desturi zake kongwe.

Utangulizi

Utungo mfupi kuliko yote ambao mzazi humtungia mtoto ni jina. Katika Burundi na Rwanda jina Ndayishimiye lina maana ya "namshukuru Mungu", na Ndayisenga ni "namwomba Mungu". Katika magharibi ya Uganda, Tumusiime ni "tumshukuru". Mwanaisimu atayatambua majina haya kuwa sentensi kamili zenye nafsi, yambwa na njeo au dhamira. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni kwamba nafsi ya kwanza iliyomo ndani yake si ya mwenye jina. Anayeshukuru katika Ndayishimiye ni mzazi, na anayeshukuriwa ni Imana, ambaye kiambishi cha yambwa -yi- kinamwakilisha. Mtoto hana kiambishi chochote katika sentensi inayomtambulisha. Hata hivyo, kila anapoitaja shuleni au katika ofisi ya uhamiaji, anaisema kwa kinywa chake mwenyewe, na "mimi" wa mzazi hupita katika ulimi wa mwana.

Mfano huu umetangulizwa kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wanaosoma fasihi ya Kiswahili Kampala, Kigali na Bujumbura wamebeba majina ya aina hiyo, nao wanapofika kwenye tungo za wosia za pwani hawakutani na jambo geni kabisa. Pili, unaonyesha kwamba swali la matumaini ya mzazi ni swali la sarufi pia: nani anasema, anasema na nani, na mtoto amewekwa katika nafsi ipi. Uhakiki wa tungo hizi umeshughulika zaidi na maudhui, yaani mzazi anataka nini. Makala haya yanauliza anamtaka nani.

Kiswahili chenyewe kinatoa zana ya kuanzia. Kutarajia na kutumaini hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja, lakini matumizi yake hayalingani. Matarajio humwelekea mtu anayeweza kuyatimiza au kuyavunja, na ndiyo maana mtoto anaweza kuambiwa kwamba ameyaangusha matarajio ya wazazi wake. Matumaini huelekea mahali ambapo mwenye kuyabeba hana amri. Mzazi anamtarajia mtoto, lakini anamtumaini Mungu, au bahati, au wakati. Tofauti hii imo katika tungo zinazojadiliwa, na imechorwa wazi kuliko wanavyodhani wanaozisoma kama orodha za maagizo.

Wino na karatasi

Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijiria, yaani 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa, na mwanzoni tu mwa utendi anasema kwamba maradhi yamemshika kwa mwaka mzima bila kumpa nafasi ya kuzungumza na bintiye. Alifariki muda mfupi baadaye. Hali hiyo isisahaulike, kwa sababu anayeagiza hapa anajua kwamba hatakuwapo kuona kama ameagiza sawa.

Wahakiki wamebishana sana juu ya sehemu ya katikati, ile inayohusu mume. Binti anaambiwa kwamba kuna watano ambao sharti wawe radhi naye, na wa tano ni mume baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Anaelezwa jinsi ya kumtumikia, kumkanda, kumpepea na kutotoka bila idhini yake. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliupa utendi jina la Kiingereza linaloufanya kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na jina hilo limeufunga utendi mzima ndani ya chumba kimoja. Wapo waliofuata mkondo huo na kuuona kuwa mwongozo wa utiifu. Ann Biersteker (1991) aliufungua mjadala upya kwa kuonyesha kwamba lugha ya utendi ina hila, na kwamba mke anayeelekezwa kumtunza mume kama mtoto asiyejua kusema hakukabidhiwa udhaifu.

Tashbihi hiyo ya mtoto asiyejua kusema inafaa kusomwa tena kwa jicho jingine. Utendi mzima unaelekezwa kwa binti ambaye hasemi. Mwana Hashima anaitwa, anaketishwa, anaagizwa, anaahidiwa hirizi na kidani cha lulu na marijani, wala hana hata ubeti mmoja. Kisha ndani ya utendi huohuo mama anamwambia kwamba asiyejua kusema ni mume. Kwa hiyo binti ananyamazishwa upande mmoja na kupewa sauti upande wa pili. Atakuwa msemaji wa nyumba ambayo mwenye mamlaka yake amelinganishwa na kitoto. Biersteker anaisoma tashbihi hii katika uhusiano wa mke na mume. Ikisomwa katika uhusiano wa mama na binti, inaonyesha kwamba mama anajua maana ya kumtunza asiyejibu, kwa sababu ndiyo kazi anayoifanya wakati uleule anapotunga.

Lakini amri muhimu kuliko zote haiko katikati. Iko mwanzoni, pale binti anapoambiwa asogee, aketi, awe na wino na karatasi, aanze kwa kuandika jina la Mungu. Uhakiki umeipita amri hii kama pambo la ufunguzi, ilhali ndiyo pekee ambayo utekelezaji wake umo ndani ya utendi wenyewe. Hakuna ajuaye kama Mwana Hashima alimkanda mume au alimwomba idhini ya kutoka. Utendi, hata hivyo, umejengwa juu ya dhana kwamba aliandika. Mama hakuagiza kwamba binti afundishwe kuandika. Amelichukulia jambo hilo kuwa limekwisha. Matarajio yanayotamkwa ni ya mke mtiifu, na yasiyotamkwa ni ya mwanamke mwenye kalamu. Karibu na mwisho wanawake wote wanaitwa wasome na wafahamu, kana kwamba kusoma kwa wanawake si jambo la kushangaza katika Siu ya 1858.

Kisha sauti inageuka. Baada ya kusimulia maisha yake na mumewe, Mwana Kupona anaacha kumwambia bintiye na kuanza kumwambia Mungu. Maumbo ya kuamuru, andika, sikiza, fanya, yanapisha maumbo ya kuomba, na watoto wanahama kutoka nafsi ya pili kwenda nafsi ya tatu. Wanakuwa wanaosemewa. Mama anawakabidhi kwa Mola, anawaombea ulinzi, na pamoja nao ndugu na Waislamu wengine. Katika sehemu hii hakuna agizo hata moja kwa mtoto, kwa sababu kinachotakwa hakiko tena ndani ya uwezo wake. Kwa wasomaji wanaotafuta dhamira tu, dua hizi ni hitimisho la kidesturi, na katika miongozo ya wanafunzi hupewa mstari mmoja au hazitajwi. Makala haya yanazichukulia kuwa ndiko matumaini yalipo. Beti za katikati ni matarajio.

Historia nayo ilithibitisha mgawanyo huo kwa namna ambayo mama hakuweza kuijua. Katika miaka ya 1860 Siu, ambayo Bwana Mataka aliilinda dhidi ya Zanzibar, iliangukia mikononi mwa watawala wa Zanzibar. Ulimwengu ambao maagizo yale yalitungwa ili binti aishi ndani yake ulibadilika kabla wino haujazeeka, na kilichobaki na matumizi yaleyale ni dua.

Kiti cha karani

Takriban karne moja baadaye Shaaban Robert aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Mwangwi wa Mwana Kupona katika Hati unasikika tangu ubeti wa kwanza: hapa pia binti anaitwa na kuketishwa ili aandike. Tofauti ndogo ni kwamba baba anataja kiti. Huenda ni vina vilivyokileta, na haifai kukitwika kiti mzigo mkubwa. Hata hivyo, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na kuandika kwake kulikuwa kuandika kwa mtu wa ofisini. Binti wa Hati amewekwa katika mkao wa baba yake.

Mjane wa Siu na mjane wa Tanga wanakutana mahali pengine pia. Katika Maisha Yangu mwandishi anaeleza kifo cha mkewe Amina na jinsi alivyobaki na watoto. Kama ilivyokuwa kwa Mwana Kupona, wosia unatungwa pale mzazi mmoja ameondoka na wa pili amejua kwamba naye ataondoka. Wasomaji wanaomlaumu Shaaban Robert kwa kuhubiri wana hoja, kwani Adili hasa ni utenzi wa mawaidha yanayofuatana, utii kwa Mungu, kwa wenye mamlaka na kwa wazazi, kisha tabia moja baada ya nyingine, na msomaji wa leo huchoka kabla ya baba kuchoka. Lakini mahubiri hayo ni ya baba aliyelazimika kuwa mama pia. Wingi wa maagizo unatokana na hofu zaidi kuliko uhakika.

Udhaifu wa Adili uko kwingine. Utii kwa wenye mamlaka, alioupanga karibu na utii kwa Mungu, ulikuwa ushauri wa busara kwa mtoto wa mtumishi wa serikali chini ya Waingereza. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na Shaaban Robert akafariki Juni 1962. Mwana aliyeagizwa kumtii mtawala fulani alirithi nchi ambayo mtawala huyo ameondoka. Hapa baba anazidiwa na Mwana Kupona, kwa maana ameweka uzito mwingi katika kile ambacho mtoto anaweza kukitimiza, na ulimwengu ukaondoa nafasi ya kukitimiza. Wazazi wanaomwelekeza mtoto leo kwenye kazi iliyokuwa na heshima walipokuwa vijana wao wamo katika mkasa huohuo.

Pengine itapingwa kwamba ukimya wa mtoto katika tungo hizi ni kanuni tu ya utanzu: wosia hausubiri jibu, kwa hiyo hakuna la kuhakiki. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama ushairi wa Kiswahili usingejua kujibu. Unajua sana. Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati wa uhasama wa miji yao mwanzoni mwa karne ya 19, na kurasa za mashairi katika magazeti ya Afrika Mashariki ziliishi kwa malumbano. Mshairi akirushiwa ubeti alitazamiwa kuurudisha. Katika jamii yenye desturi hiyo, mtoto kutojibu ni uamuzi wa kifasihi, na uamuzi una sababu. Sababu iliyo karibu zaidi ni adabu, kwani kumjibu mzazi kwa Kiswahili ni neno lenye lawama ndani yake. "Anamjibu mama yake" haina maana ya kwamba ametoa jibu. Ina maana ya kwamba amekosa heshima.

Barua ya Rosa

Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya ambayo ndani yake mtoto anajibu. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikarudi na kuwa kitabu cha kiada. Zakaria wa Namagondo, Ukerewe, ni baba mwenye matarajio makubwa kwa bintiye Rosa na asiye na tumaini hata moja. Anapogundua barua ya Charles, anampiga. Msomaji aliyetoka kwa Mwana Kupona hawezi kulipita tukio hili haraka. Katika Siu maandishi yalitoka kwa mzazi kuja kwenye mkono wa binti. Katika Namagondo maandishi yanamfikia binti kutoka nje, na mzazi anayakuta kama ushahidi wa kosa.

Zakaria anazungumza kwa amri tu. Hana sehemu ya pili, ile ya kugeuka na kuomba, na hili ndilo linalomtofautisha na wazazi wa tungo za wosia zaidi ya ukali au ulevi wake. Mwana Kupona ni mkali pia kwa namna yake. Lakini Mwana Kupona anafika mahali pa kukubali kwamba bintiye amezidi uwezo wake, na pale anamwachia mwingine. Zakaria hafiki. Rosa anayetoka katika nyumba hiyo anaogopa wavulana hadi hofu yenyewe inakuwa elimu yake pekee juu yao, na anapokuwa mbali na jicho la baba, anaanguka haraka kuliko wenzake waliolelewa kwa ulegevu. Charles anapomrudia na kumkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua. Hilo ndilo jibu lake, nalo halina maneno.

Katika madarasa riwaya hii hufundishwa chini ya methali "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu". Methali hiyo haimfai Rosa hata kidogo. Rosa alifunzwa. Alifunzwa na baba kwa fimbo na na shule ya masista kwa kanuni, na ulimwengu ukamfunza baadaye kwa sababu ya mafunzo hayo. Kezilahabi hakuandika onyo kwa mabinti, na ni ajabu kwamba kitabu kilichomweka mzazi kizimbani kinatumiwa kumwonya mtoto.

Inafaa kutaja kwa ufupi kwamba tamthilia na riwaya za baadaye zimeongeza kipengele ambacho wosia haukukijua, nacho ni fedha. Katika Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo (2002), mama anauza chakula ili watoto wasome, nao wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Hapo mzazi hana nafasi ya kuagiza wala kuomba, kwa kuwa matumaini yake yamepewa bei, na bei hiyo ina tarehe ya mwisho ya kulipwa.

Darasani

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Maamuzi haya yanasifiwa katika kila kongamano, na yanastahili sifa. Yasiyosemwa mara nyingi ni kwamba mwanafunzi anayeingia darasa la Kiswahili katika chuo kikuu cha Kampala au Kigali huwa ameacha nyumbani mzazi aliyetarajia udaktari, uhandisi au sheria. Ng'ombe aliyeuzwa Mbarara kulipia masomo hakuuzwa ili mtoto achambue tendi. Swali "Utakula Kiswahili?" huulizwa kwa mzaha na kwa uzito, na mwanafunzi, kwa adabu ileile iliyojadiliwa hapo juu, hajibu.

Mwanafunzi huyo anapokutana na Utendi wa Mwana Kupona, mwongozo unamtaka aorodheshe mafunzo: utii, usafi, heshima kwa mume, kumcha Mungu. Anaorodhesha, anapata alama. Ametendewa na mwongozo kama alivyotendewa na matarajio ya nyumbani, kwani amepokea upande wa maagizo na kunyimwa ule mwingine, ambamo angemkuta mama mgonjwa anayekiri mbele ya Mungu kwamba hajui watoto wake watakuwa nani. Ni vigumu kufikiri ubeti ambao mwanafunzi huyu angeuhitaji zaidi. Mtaala unaopitisha kalamu juu ya dua kwa hoja kwamba ni mambo ya dini, na madarasa yana Wakristo wengi, umekosea mahali pa kuchorea mpaka. Mtoto wa Mkatoliki wa Gitega aitwaye Ndayisenga hahitaji kufafanuliwa maana ya mzazi kuomba.

Zoezi moja linafaa kujaribiwa, nalo si jepesi: badala ya kuulizwa afafanue dhamira za utendi, mwanafunzi atakiwe kutunga jibu la Mwana Hashima, kwa beti zisizozidi kumi. Matatizo yatajitokeza mara moja, na ndiyo faida ya zoezi. Atamwita mama kwa nafsi ya pili, au atamsemea kwa Mungu kama yeye alivyosemewa? Atajibu sehemu ya mume, au ataanzia kwenye wino na karatasi, ambavyo bado viko mikononi mwake? Na ataandika kwa Kiamu cha mama, au kwa Kiswahili alichojifunza shuleni, chenye lafudhi ya lugha ambayo jina lake limetungwa?